Nunua Ukimya Kwanza: Iafoni na Masikio ya Mpiga Drams

Gita la solo lina kizungusho cha sauti. Kinanda kina chake. Mwimbaji akizidi kupaza, fundi mitambo anamshusha kimyakimya na yeye mwenyewe hajui. Drams hazina kitu cha namna hiyo. Ukikalia kiti kile umejiweka katikati ya ala yenye kelele kuliko zote jukwaani, haihati ikiwa karibu na sikio la kushoto kuliko mtu yeyote ukumbini alivyo karibu na spika, na hakuna aliyeko kwenye miksa anayeweza kukupunguzia.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na majina ya kampuni. Majina mawili matatu yatakuja mbele, lakini mpiga drams anayeingia dukani Kariakoo au River Road kuulizia iafoni "yenye sauti kubwa" amekosea swali. Unachonunua kwanza ni ukimya. Sauti inafuata baadaye, na inahitajika kidogo tu.

Hesabu ya usiku mmoja

Kelele hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazipandi kama namba za kawaida: kila zikiongezeka 3, nguvu inayopiga sikio inakuwa maradufu. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Desibeli 88, saa 4. Desibeli 91, saa 2. Desibeli 94, saa moja. Desibeli 97, nusu saa. Desibeli 100, robo saa, basi.

Hamishia hesabu hiyo ukumbini. Mpiga drams anayepiga kwa nguvu za kawaida za bendi mara nyingi hupokea wastani wa kati ya 95 na 105 masikioni mwake, na pigo moja la ukingo wa snea huvuka 120 bila taabu. Tuchukue 103. Kwa kipimo kile, mgao wako wa siku nzima ni dakika saba na nusu. Wimbo mmoja wa dansi wenye sebene iliyokolea unaumaliza kabla rapa hajafika nusu ya majina ya matajiri waliokaa meza za mbele. Na onesho limeanza saa tatu usiku, litakwisha saa nane.

Mitindo yenyewe haina huruma. Kavacha, ule mwendo uliopata umaarufu miaka ya 1970 kupitia Zaiko Langa Langa ya Kinshasa, Meridjo Belobi akiwa kwenye drams, unataka snea au haihati ifanye kazi mfululizo. Hakuna kituo cha kupumzisha mkono, wala cha kupumzisha sikio. Kwenye kwaya na vikundi vya kusifu hali si tofauti sana: pambio likishika moto hakuna anayeangalia saa.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya kumbi na matamasha, likapendekeza wastani usizidi desibeli 100 kwa kila dakika 15. Kumbuka kiwango hicho kilifikiriwa kwa ajili ya mtu aliyelipa kiingilio akaja mara mojamoja. Wewe uko pale Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili kwenye bonanza.

Ndani ya kila sikio mna seli zenye vinywele takriban 15,000. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Kelele huanza kuharibu zile zinazopokea sauti kali za kati ya hezi 3,000 na 6,000, hasa karibu na 4,000, na huko ndiko ziliko herufi kama "s", "f" na "sh" katika maneno ya watu. Huko pia ndiko uliko mng'ao wa matoazi. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: mpiga drams anayeanza kupoteza masikio hukung'uta haihati kwa nguvu zaidi, kwa sababu haisikii vizuri, na kila akiikung'uta anaimaliza ile sehemu iliyokuwa imebaki. Wenzake wataona mapema kuliko yeye. Watasema siku hizi anapiga sana matoazi.

Wengi hujifariji kwamba masikio yakivuma usiku, asubuhi yanakuwa yametulia. Yakitulia ni heri, lakini si ushahidi wa kupona. Mwaka 2009 watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman walionesha kwa panya kwamba baada ya kelele ya muda, vipimo vya usikivu vilirudi kawaida ilhali viungio vingi kati ya seli za sikio na mishipa ya fahamu vilikuwa vimekwisha kupotea moja kwa moja.

Kabla ya iafoni, kizibo

Kama bendi yako bado inatumia monita za sakafuni na hakuna mpango wa kubadilisha, huhitaji iafoni. Unahitaji vizibo vya masikio, na hapa utatumia fedha kidogo kuliko popote.

Pamba na karatasi ya chooni tuziache, hazizuii cha maana. Kizibo cha sponji kinazuia sana, ila kina namna yake ya kuvaliwa. Kisokote kwa vidole hadi kiwe chembamba kabisa. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio kwenda juu na nyuma ili tundu linyooke, sukuma kiingie, kisha kishikilie kwa ncha ya kidole kama nusu dakika mpaka kivimbe. Jitazame kwenye kioo uso kwa uso: ukikiona chote kimejitokeza nje, hakijaingia. Watu wengi wanaosema sponji "haisaidii" hawajawahi kuivaa ikafika.

Ubaya wa sponji ni kwamba hukata sauti kali kuliko nzito. Bendi inasikika kana kwamba imefunikwa blanketi, na mpiga drams akikosa mng'ao wa matoazi hujikuta anaongeza nguvu za mkono. Ndiyo sababu wanamuziki walitengenezewa vizibo vyenye kichujio, vinavyopunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana. Kampuni ya Etymotic ya Marekani ilitoa ER-15 mwaka 1988, cha kupunguza desibeli 15, kilichotengenezwa kwa umbo la sikio la mtu. Vikafuata vya 9 na vya 25, na baadaye vya bei nafuu visivyohitaji kupimwa sikio. Leo kampuni nyingi hutengeneza vya aina hiyo.

Kichujio kipi? Rudi kwenye 103 zetu. Cha 9 kinakuacha na 94, yaani saa moja, hakitoshi kwa drams ingawa kinamfaa mpiga kinanda. Cha 15 kinakuacha na 88, saa nne. Ni pazuri pa kuanzia. Cha 25 kinakushusha hadi 78, na mtu mwenye mkono mzito au anayepiga siku nne kwa wiki aende hapo. Namba hizi ni za kizibo kilichokaa sawasawa. Kilicholegea hupoteza nusu ya kazi yake, na hutajua.

Usivae vizibo kwa mara ya kwanza siku ya onesho. Sauti yako mwenyewe itavuma kichwani, kiki itakuwa ngeni, utavitupa kabla ya wimbo wa tatu. Vaa kwenye mazoezi wiki chache, hata ukiwa unapiga peke yako, mpaka ubongo uzoee.

Iafoni inazuia kwa mpira wake

Iafoni za jukwaani unazoziona leo zina deni kwa mpiga drams. Jerry Harvey alikuwa fundi wa monita wa bendi ya Van Halen, na Alex Van Halen, mkung'uta drams wao, alitaka kitu cha kumwezesha kusikia wenzake bila kuuliwa na monita. Harvey akamtengenezea, na mwaka 1995 ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Tatizo lililoanzisha mtambo huo ndilo ulilo nalo wewe.

Sasa sikiliza hesabu inayofuata kwa makini kuliko nyingine zote, maana ndiyo mwongozo wenyewe. Kwenye kiti chako kuna desibeli 103. Iafoni iliyokaa vizuri ikizuia 23, kinachopenya ni 80. Juu ya 80 hizo ukiweka besi na mwimbaji kwenye 86, utasikia kila kitu waziwazi, na jumla inayofika sikioni ni kama 87. Kwa kipimo cha NIOSH, 87 unaruhusiwa saa tano: kuanzia saa tatu usiku mpaka saa nane. Chukua iafoni ileile, ivalishe mpira mdogo kuliko tundu la sikio lako, izuie 8 tu. Kinachopenya ni 95. Ili besi isikike juu ya matoazi utaipeleka 100 au zaidi, na mgao unarudi chini ya robo saa. Iafoni ni moja, bendi ni moja, tofauti ni kipande cha mpira kinachouzwa kwa bei ya soda. Chandarua chenye tundu moja kinalaza mbu wote ndani.

Kwa hiyo dukani usianze kwa kusikiliza wimbo unaoupenda. Vaa iafoni, weka wimbo wenye besi nzito kwa sauti ndogo, kisha zisukume ndani taratibu kwa vidole. Besi ikiongezeka ulipobonyeza, mpira haujaziba. Badilisha saizi. Fungua mdomo, tafuna hewa, kunja uso kama ufanyavyo sebene ikipamba moto. Besi ikikimbia, badilisha tena. Usishangae sikio la kulia likitaka mpira wa kati na la kushoto mkubwa. Masikio ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani. Mipira ya sponji huziba vizuri kuliko ya silikoni, lakini jasho huichakaza haraka, kwa hiyo nunua ya akiba siku hiyohiyo.

Za kuacha mezani ni hizi. Kwanza, zile za simu zisizo na mpira, zinazoning'inia tu mlangoni mwa sikio, hazizibi chochote. Pili, za Bluetooth, hata ziwe za bei gani. Kwa kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 200 au zaidi, na katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo moja ni milisekunde 125. Utakuwa unafuata bendi iliyokwisha kupita. Tatu, zile zinazojitapa kufuta kelele kwa umeme. Teknolojia hiyo hufanya kazi nzuri kwa ngurumo isiyobadilika kama ya injini ya ndege. Snea ni mlipuko mfupi, inakwisha kabla mtambo haujajipanga.

Usitishwe pia na maandishi ya boksi kuhusu spika nne au tano ndani ya kila iafoni. Spika moja nzuri ya mtetemo inabeba kiki na besi vizuri. Tafuta waya unaopita juu na nyuma ya sikio, kwa sababu hauvutwi unapogeuza kichwa, na unaochomoka, kwa sababu waya ndio hufa kwanza. Shure SE215 imekaa majukwaani miaka mingi kwa sifa hizo, na Sennheiser IE 100 Pro iko katika kundi hilo. Mfuko ukiwa mwembamba, iafoni za Kichina za KZ zenye waya unaochomoka zinafanya kazi ya kuheshimika, mradi uwekeze kwenye mipira. Kuhusu bandia za majina makubwa, unajua mwenyewe: bei ikiwa ya kushangaza, shangaa.

Mwenye uwezo atengenezewe zinazofuata umbo la sikio. Mpimaji hujaza tundu kwa tope laini linaloganda, kisha ganda hilo hutumwa kiwandani. Sisitiza upimwe mdomo ukiwa wazi, ukiwa umeng'ata kitu, kwa sababu taya ikisogea tundu la sikio hubadilika.

Kuna njia nyingine ambayo haipendezi kwenye picha lakini inafanya kazi: iafoni ndogo ndani, na juu yake vifunika masikio vya mafundi wa viwandani. Usitarajie vijumlishe namba zao zote; nyongeza huwa kama desibeli 5 hadi 10 juu ya kile kinachozuia zaidi. Kwa mazoezi ya kila siku katika chumba cha kuta nne ni dawa. Kwa onesho la Dar es Salaam mwezi wa pili, joto litakushinda.

Waya unakutosha

Mwimbaji anatembea, anahitaji mtambo usio na waya. Wewe umekaa. Fedha ya kisambaza mawimbi itie kwenye iafoni, na utakuwa umejiepusha pia na masuala ya masafa ya redio, ambayo nchini Tanzania husimamiwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA.

Mnyororo ni mfupi. Mwombe fundi mitambo njia moja ya ziada kutoka kwenye miksa, ije kwa waya hadi kwenye kikuza sauti kidogo kando ya haihati, mahali mkono wa kushoto unafika. Behringer P2 ni mfano rahisi: inapokea waya wa XLR au wa jeki kubwa, inatumia betri mbili za AAA, na ina swichi ya kuchagua mono au stirio. Swichi hiyo si pambo. Vikuza sauti vingine vidogo, kama HA400 ya kampuni hiyohiyo, vina tundu la stirio, na ukilichomekea waya wa mono sauti inatoka sikio moja tu. Usiku wa onesho watu hudhani iafoni imekufa, kumbe kinachohitajika ni adapta. Waya wa iafoni upitishe mgongoni ndani ya shati, ubanwe kwenye ukosi. Ukiuacha mbele, kijiti kitaunasa siku moja, na itakuwa kwenye roli ya kufungia wimbo.

Halafu kuna hatari ambayo monita ya sakafuni hainayo: mlipuko wa ghafla moja kwa moja sikioni. Mtu anachomoa waya wa gita bila kushusha, maiki inapiga mluzi, na wewe umeziba masikio na spika ndani. Mwambie fundi aweke limita kwenye njia yako. Miksa za kidijitali kama Behringer X32, ambazo zimejaa makanisani, zina kompresa inayoweza kufanya kazi hiyo kwenye kila njia ya kutokea, kwa hiyo hakuna cha kununua, ni kuomba tu. Na umeme ukikatika katikati ya wimbo, jambo la kwanza ni kuchomoa waya wako kwenye kikuza sauti; ndipo ugeuke kuulizia nani ana mafuta ya jenereta. Umeme ukirudi, spika zote zitapiga "pwaa", na hutaki kuwa ndani yake.

Kinachostahili kuingia

Wapiga drams wengi huomba waletewe kila kitu, kisha wanalalamika hawasikii kitu. Bendi nzima ikiingia kwenye iafoni, kila ala inapigana na mwenzake na njia pekee iliyobaki ni kupandisha.

Anza na sifuri. Iafoni zote mbili zimeziba, kizungusho kimelala chini, bendi inaanza wimbo wa mazoezi. Pandisha besi mpaka uisikie, uishie hapo. Lete mwimbaji kiongozi. Lete gita la solo, kwa kuwa kwenye sebene ndilo linalotangaza mabadiliko. Lete rapa, kwa kiasi cha kuelewa anachoamrisha. Kama mnatumia klik au muziki wa kompyuta, iwe juu ya vingine vyote lakini kwa sauti ya chini, mlio mfupi mkavu. Kiki yako ongeza kidogo, maana masikio yakizibwa mguu huhisi umepotea. Snea yako usiiweke kabisa, wala matoazi. Yatakuja yenyewe kupitia mpira na mifupa ya kichwa, utake usitake.

Ukiridhika, weka alama kwenye kizungusho. Rangi ya kucha inafaa, na kwenye safu ya wanenguaji haikosekani. Alama hiyo ndiyo sheria ya usiku mzima, kwa sababu baada ya saa moja hivi sikio huchoka na kuanza kukudanganya: sauti ileile itaonekana ndogo. Usipandishe. Ukishindwa kumsikia mwimbaji saa sita usiku, mwombe fundi apunguze kingine.

Na kuna tabia moja ya kuiacha leo hii, ile ya kutoa iafoni moja "ili nisikie watu." Sikio lililo wazi linapigwa na 103 zote. Lililobaki limepoteza mwenzake, na kwa kuwa ubongo hujumlisha masikio mawili, utapandisha sauti desibeli kadhaa kufidia. Umeumiza yote mawili. Upweke wa iafoni ni kweli, sikatai. Ukumbi unashangilia na wewe uko kama ndani ya tangi la maji. Dawa yake ni maiki moja iliyoelekezwa kwa watu, fundi aifungue kati ya nyimbo na kuifunga zinapoanza. Mwimbaji akikuuliza jambo kwa ishara, naye ajifunze kutumia maiki.

Ukishavaa iafoni, zima monita ya pembeni yako. Inaonekana jambo la wazi, lakini nenda kwenye maonesho uone wangapi wanatumia vyote viwili. Ampi ya gita iliyo nyuma ya kichwa chako igeuzwe, au isogezwe: mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili kelele hupungua desibeli 6, ingawa kwenye ukumbi mdogo wa matofali na bati hupungua kidogo kuliko hapo. Kwa ukumbi wa aina hiyo vijiti vyembamba, au vile vya fito zilizofungwa pamoja, vinafanya kazi nzuri kuliko kizibo chochote, kwa sababu kila mtu anafaidi. Kioo kinachozungushwa drams makanisani, kwa upande mwingine, kinawasaidia waumini tu. Kwako kinarudisha kelele usoni. Ukiwekewa kioo, kinga yako iongezeke.

Mtazame na mpiga tumba. Mara nyingi toazi lako la kulia liko usawa wa sikio lake, na hakuna aliyewahi kumfikiria. Mpe vizibo. Watoto wanaopenda kukaa karibu na drams kanisani wahamishwe, bila mjadala.

Jasho, nta na daktari

Unyevu wa pwani unaua iafoni. Baada ya onesho futa jasho, vua mipira uioshe kwa maji ya sabuni, ikauke kabla ya kuirudisha, na hifadhi iafoni kwenye kikopo pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usiazimishe. Sikio likitoa usaha usilizibe mpaka litibiwe. Nta usiifuate kwa njiti ya kiberiti wala kipini. Pamba za vijiti nazo huisukuma ndani zaidi.

Kuna dawa zinazoweza kudhuru masikio zenyewe, na tunazijua vizuri huku kwetu: sindano za gentamaisini, streptomaisini iliyotumika sana kwa kifua kikuu, kwinini. Ukiandikiwa mojawapo, mwambie daktari kwamba kazi yako ni kelele, na kama unaweza, pumzika jukwaani kipindi hicho.

Kuhusu vipimo, nenda kabla hujaona tatizo. Idara za masikio, pua na koo zipo kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi na Kenyatta jijini Nairobi. Usiende asubuhi ya baada ya onesho. Pumzisha masikio usiku mzima kwanza, la sivyo kipimo kitasoma uchovu badala ya usikivu. Utavaa hedifoni, utasikia milio kuanzia hezi 250 hadi 8,000, utapewa mchoro wa sikio la kulia na la kushoto. Omba na hezi 3,000 na 6,000 zipimwe, maana wengine huziruka.

Sikio likizibika ghafla, ukaamka upande mmoja husikii, hiyo ni dharura. Usingoje lijifungue wala usimwage mafuta ya nazi. Fika kwa daktari wa masikio siku hiyo au inayofuata. Matibabu huwa na nafasi nzuri yakianza ndani ya siku tatu.

Mchoro wako wa kwanza uhifadhi, piga picha uweke kwenye simu. Mwakani rudi, ulinganishe kwenye hezi 3,000, 4,000 na 6,000. Ukiona umeshuka desibeli 10 au zaidi mahali hapo, usikimbilie kununua iafoni mpya. Kagua mipira kwanza, kisha angalia ile alama ya rangi ya kucha iko wapi na kizungusho huwa kinafika wapi saa saba usiku.